Acheni Kuitoa Utumbo Redio ya Zamani

Nina ugomvi na redio ya babu. Mnaijua nyote. Imo kwenye hadithi fupi tunazotumiana, imo kwenye mashairi ya mtandaoni, imo kwenye riwaya za vijana wenzangu: babu amekaa chini ya mwembe, kando yake kuna redio kuukuu, redio inakoroma, babu anaukumbuka ujana wake. Basi. Redio hiyo haina jina, haina bendi, haili betri, haijawahi kulala kwa fundi hata siku moja. Haikamati stesheni yoyote. Imewekwa pale ili msomaji aambiwe "zamani", kama vile vitabu vya watoto vinavyomchora mfalme na taji kichwani hata akiwa amelala.

Mwandishi wa hadithi ya namna hiyo muulize: redio ya babu yako ilikula betri ngapi? Na zilipoanza kuchoka alifanyaje? Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye National au Philips ya betri anajua jibu. Unazitoa, unazianika juani juu ya bati mchana kutwa, halafu unazirudisha ili upate taarifa ya habari ya saa mbili usiku na, Mungu akipenda, nusu ya mpira. Hicho ndicho kisa. Mtu kuchagua kati ya habari na muziki kwa sababu nguvu haitoshi vyote viwili, hicho ni kisa kikubwa kuliko ukungu wote wa "kumbukumbu" unaomwagwa kurasa kumi. Na redio zile hazikushuka kutoka mbinguni. Philips walikuwa na kiwanda Arusha. Matsushita, wenye jina la National, walikuwa na chao Dar es Salaam. Kuna watu walizifunga skrubu kwa mikono yao, wakalipwa mshahara, wakarudi nyumbani na mkate. Hao nao siwaoni kwenye hadithi.

Sasa pambo hilo limetoka vitabuni limeingia mitaani. Dar siku hizi ukienda mgahawa fulani wa kisasa utakuta redio ya mbao kwenye rafu, inang'aa vanishi, inaimba vizuri kabisa. Ukisogea unagundua imechinjwa. Transista zimetolewa, koili zimetolewa, mshale umegandishwa kwa gundi, ndani kuna kikadi cha bluetooth ukubwa wa kiberiti na spika mbili za Kichina. Wanaiita vinteji. Mimi naiita maiti iliyovalishwa suti.

Ningeyaacha haya yapite, maana kila mtu na hela yake, kama yasingenifuata hadi Mpanda.

Baba mdogo wangu yuko Mpanda na ana Bedford ya pua. Linabeba mpunga wa Kakese, linabeba tumbaku kwa msimu, na njia ikiwa nzuri linashuka Karema kufuata dagaa wa Ziwa Tanganyika. Injini siyo ile liliyozaliwa nayo. Ilikufa, ikawekwa dizeli ya Kijapani, na pamoja na injini ukaja umeme wa volti 24. Kwenye dashibodi kulikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha bati, mahali palipokaa redio ya Philips yenye vifundo viwili. Redio yenyewe haikutupwa. Ilikuwa ndani ya sanduku la vipuri, imefungwa kwenye mfuko wa unga.

Mwaka huu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akapanda kutoka Dar na kile kikadi. Mpango wake: afungue redio, atoe "takataka" zote, apachike bluetooth, aturudishie dashibodi ya kizamani yenye sauti ya kisasa. Akatuonyesha na picha kwenye simu. Baba mdogo alizitazama, akasema, "Fanyeni mnavyoona wanangu, ila mimi niisikie saa mbili."

Nikakataa. Tukabishana siku mbili. Hoja ya mdogo wangu nitaitendea haki kwa sababu ndiyo hoja ya wengi, na siyo ya kijinga. Anasema: kitu kikishamaliza kazi kilichotengenezewa, kilichobaki ni sura yake, sura ihifadhi, matumbo tupa. AM nani anasikiliza? FM ipo, simu ipo.

Sawa. Tuanze na hapo mlipo. Mpanda ina reli kwa sababu ya mgodi wa risasi. Wakoloni walijenga tawi la kutoka Kaliua, kama kilomita 210 za pori, likafika Mpanda mwaka 1950, ili madini ya risasi yapate kutoka. Miaka kumi baadaye, 1960, mgodi ukafungwa. Kazi iliyoijenga reli ikaisha, kwisha kabisa. Kwa hoja ya mdogo wangu tungeing'oa, tukabakiza kibao cha stesheni kwa ajili ya picha. Haikung'olewa. Watu wakapanda, mahindi yakapanda, kuku wakapanda, na hadi leo kuna watu wa Mpanda ambao safari ya Tabora kwao ni treni. Reli haikuuliza ilijengewa nini. Ilikuwa inapitika, ikapitiwa.

Na redio ile ilikuwa mbovu tu. Ubovu na ukale ni vitu viwili, na nchi hii imepoteza vingi kwa kuvichanganya.

Kwa hiyo nitaeleza jinsi ilivyofungwa, humu humu, kwenye ukurasa wa fasihi. Najua kuna watakaoguna. Waguneni tu. Maelezo haya sijawahi kuyaona yamechapwa kwa Kiswahili mahali popote. Yamo vichwani mwa wazee wachache wenye miwani iliyofungwa kwa waya, na wazee hao hawaishi milele. Tukitaka kujua kwa nini redio ya babu kwenye hadithi zetu haina utumbo, sababu mojawapo ndiyo hii: hatujawahi kuuandika.

Kwanza, polariti. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalifungwa umeme kinyume na haya tuliyoyazoea: chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Ndiyo maana redio nyingi za wakati ule zina kiswichi au kiplagi nyuma cha kugeuza. Ganda la redio ni bati, linagusa dashibodi, dashibodi inagusa lori zima. Ukiikosea hapo, transista za germani hazipigi kelele. Zinakufa kimya kimya na fundi wa mjini anakwambia "redio za zamani hizi, bwana".

Pili, volti. Redio inataka 12, lori lina 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitaka kuchomeka waya katikati, achukue 12 kwenye betri moja. Ukipita mitaani utaona malori mengi yamefanywa hivyo. Kinachotokea ni kwamba betri moja inakamuliwa na redio na nyingine haikamuliwi, lakini chaji inaingia kwa zote pamoja. Ile ya kwanza haijai kamwe, ya pili inachemka, na baada ya miezi unanunua betri mbili kwa sababu ya redio moja. Betri ya lori ni hela ya ada ya shule, jamani. Tukamshukuru, tukaondoka.

Wa pili ndiye. Mzee mmoja karibu na stendi, meza yake imejaa matumbo ya redio kama bucha.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mmeniletea mgonjwa au maiti?"

Mdogo wangu akatoa kikadi chake, akaeleza. Mzee akakipokea kwa adabu, akakiweka pembeni bila kukifungua, akaichukua redio, akainusa. Naam, akainusa. Kapasita iliyokauka na transfoma iliyoungua zina harufu mbili tofauti. "Mgonjwa," akasema.

Kilichokuwa kimekufa ni kapasita za elektroliti, zile zenye maji maji ndani, ambazo kwa umri ule hukauka hata redio ikiwa kabatini. Alizibadilisha zote. Spika ililiwa na panya. Akatafuta nyingine lakini hakuchukua yoyote tu, alipima kwanza omu zake, kwa sababu spika yenye omu pungufu inavuta umeme kupita kiasi na kuichoma transista ya mwisho, ile ambayo kuipata leo ni kama kupata jino la kuku. Kipande cha kuchagua stesheni hakikuwa na shida. Kwenye redio za magari hicho hakifanani na cha redio ya mezani: badala ya bamba zinazozunguka, kuna viini vinavyoingia na kutoka ndani ya koili, na havitikiswi ovyo na barabara. Watu waliofikiria hivyo walikuwa wanalijua vumbi.

Kushusha volti alikataa konvata ya dukani. Zile ndogo nyepesi zinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mwasho huo AM inausikia kama nzi ndani ya chupa. Akatengeneza yake kwa transista ya 2N3055 aliyoinyofoa kwenye amplifaya iliyokufa ya kanisa, akaifunga kwenye bamba la aluminiamu na kipande cha maika katikati ili isiguse bodi. Lori likichaji linafika volti 28, redio inapewa kama 13, kwa hiyo tofauti yote ya volti 15 inageuka joto. Kwa ampia moja hiyo ni wati 15, na bamba linakuwa moto kama sufuria ya uji. Alilifunga nyuma ya dashibodi mahali penye upepo, na kabla yake akaweka fyuzi. Fundi asiyeweka fyuzi, alituambia, ni mchawi.

Kisha antena. Rangi ikakwanguliwa chini ya kitako hadi chuma kikang'aa, maana bila ethi nzuri antena ni fimbo tu. Waya wa antena nao una siri: wa televisheni, ambao kila duka unao, haufai kwa AM ya gari, unaimeza sauti njiani. Unatakiwa ule mwembamba wenye kiini kilicholegea ndani ya bomba lake. Tulikosa mpya, tukauchomoa kwenye gari bovu. Mwisho, pembeni ya tundu la antena kuna skrubu ndogo ambayo watu wengi wanaidhani ni ya kufungia ganda. Unavuta antena hadi mwisho, unatafuta stesheni dhaifu huku juu ya bendi, karibu na 1400, unaizungusha kwa bisibisi taratibu hadi sauti ijae. Dakika mbili. Redio ambazo hazikufanyiwa hivyo zimetupwa kwa tuhuma za ubovu na hazina kosa.

Na mdogo wangu hakunyimwa. Mzee alichomea waya mwembamba kwenye kifundo cha sauti, akautoa pembeni na tundu la simu na kiswichi. Ukitaka simu yako iimbe kupitia amplifaya ile ya zamani, inaimba. Hakuna kilichotolewa. Ukiudhika kesho unaukata waya, redio inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo ninapowashangaa wachinjaji wa Dar: kama shida ni bluetooth tu, mbona kuna nafasi ya kuongeza bila kuua?

Mtasema: yote haya ili kusikia nini? Hapa ndipo penyewe.

FM inasikika vizuri sana, sibishi, na Mpanda mjini kuna redio za FM zinazofanya kazi ya heshima. Lakini mawimbi ya FM yanakwenda karibu sawa na macho yanavyoona. Kilima kimoja kikikaa kati, mazungumzo yamekwisha. Simu nayo inataka mnara, inataka kifurushi, na redio ya FM ya simu nyingi inataka uvae waya wa masikioni kwanza, ambao ndio antena yake. Mtu anayeshuka kwenda Karema usiku na tani za mzigo anahitaji masikio yake. AM mchana ni ya wastani, lakini jua likizama tabaka la chini la anga linaloimeza linatoweka, mawimbi yanapanda yanagonga juu yanarudi chini mbali mno. Usiku wa kwanza, uani, injini imezimwa, tulipata Kifaransa kutoka upande wa pili wa ziwa, tukapata lugha ambayo hakuna aliyeijua, tukapata Kiswahili kinachozama na kuibuka kama mtu anayeoga ziwani. Baba mdogo alikuwa ameshika usukani wa lori lililosimama.

Huu mkoa siyo mdogo. Umezaliwa rasmi 2012 kutoka Rukwa, sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya milioni 1.1, na wengi wako mbali na mnara kuliko sisi tunaoandika. Katumba na Mishamo wamekaa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Ilifika 2014 ndipo zaidi ya 160,000 wa makazi yale ya zamani walipopewa uraia wa Tanzania. Miaka arobaini na ushee ya kungoja. Watu wa namna hiyo hawaichukulii redio kama pambo. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yakaitwa Gahuzamiryango, yaani mwunganisha familia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia watu waliopotezana watafutane hewani. Yalikuja kwa masafa mafupi. Sasa nenda kamwambie mtu aliyemsubiri nduguye kwenye mkoromo ule kwamba mkoromo ni "angahewa ya kizamani" ya hadithi yako.

Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 940,000 inapoiacha AM ichakae kidogo kidogo, na mashirika ya nje yanapopunguza masafa mwaka hadi mwaka, anayepoteza ni yule asiyekuwa na mnara. Hajawahi kuulizwa. Na sisi wa fasihi, ambao tungemuuliza, tuko bize na mwembe.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuhusu kama waandishi. Nitajieni dereva wa lori kwenye fasihi yetu andishi ambaye msomaji wa kawaida anamkumbuka kwa jina. Mnafikiria? Mimi namjua mmoja: Mkwaju. Hakutoka kitabuni. Alitoka kwenye Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Dereva wa masafa marefu, mwanamke kila kituo, mke wake Tunu nyumbani akihangaika hadi akachoka, akamwacha, akaanza biashara yake. Mkwaju akapata UKIMWI akafa, na mikoa ikamsikiliza akifa. Dodoma peke yake walinyimwa kwa miaka miwili, hadi 1995, makusudi, ili watafiti wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Niambieni riwaya ipi ya Kiswahili iliyowahi kuogopwa hivyo, kiasi kwamba mkoa mzima unafungiwa ili ipimwe nguvu yake! Sisi tunaendelea kuuita mchezo wa redio "sanaa za maonyesho" pembeni ya silabasi, huku tukipeana tuzo kwa hadithi zenye redio isiyoshika kitu.

Rafiki yangu mhariri aliisoma rasimu ya makala hii akaniambia sehemu ya volti na kapasita "itawachosha wasomaji wa fasihi". Nilimuuliza kama kurasa za nyangumi za Melville zilimchosha. Akasema zile ni tofauti, ni klasiki. Haya. Nyangumi wa Marekani aliyekatwakatwa sura kwa sura, mafuta yake, ngozi yake, kamba za kumvutia, huyo ni fasihi. Lori la Mpanda ni karakana. Sijui nani alituloga.

Kwa hiyo zile sentensi za 2N3055 nimeziacha kama zilivyo.

Lori liko kazini. Baba mdogo analalamika kwamba barabara ya vumbi inaifanya antena itetemeke, na amemzuia mdogo wangu asiguse kile kiswichi cha simu saa mbili usiku ikikaribia. Mvua zikianza tutaona kama ethi ya antena inashika kutu. Mzee amesema tuipake grisi. Kikadi cha bluetooth bado kiko mezani kwake karibu na stendi, ndani ya nailoni yake. Amesema akikosa mnunuzi atakinyofoa vipuri.